Usiipindue picha ile

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha ya jengo na dimbwi uliyonitumia nimeitazama sana, na swali lako halijanitoka kichwani: kuna haja gani ya kungoja upepo utulie, ikiwa programu ya kompyuta inaweza kuchukua nusu ya juu, kuipindua na kuibandika chini? Haja ipo, tena kubwa.

Maji hayanakili unachokiona wewe. Yanaonyesha jengo jinsi ambavyo lingeonekana na mtu aliye chini ya uso wa maji, kwenye kina sawa na kimo cha kamera yako juu yake. Tazama tena: paa la nyumba ya nyuma linachungulia juu ya ukuta, lakini ndani ya dimbwi halimo. Ukuta umelificha, kwa sababu jicho la majini liko chini zaidi. Sakafu za roshani nazo, upande wa chini, zinaonekana zaidi majini kuliko juu. Programu ingelirudisha lile paa, na mtazamaji makini angehisi kuna uongo mahali hata kama hawezi kuuonyesha kwa kidole. Kwa hiyo picha yako ina mitazamo miwili ndani ya fremu moja. Hilo ndilo linalonifanya nisichoke na mambo haya.

Ukitaka sehemu mbili zifanane, shusha kamera karibu kabisa na maji. Ndipo yale macho mawili yanapokaribiana. Na taswira itakolea pia. Ukitazama maji matulivu moja kwa moja kutoka juu, hurudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga, lakini ukiyatazama kwa mshazari wa chini sana, hurudisha sehemu kubwa.

Wachoraji waliujua utajiri huu zamani. Mwaka 1434 Jan van Eyck alichora mume na mke chumbani, na ukutani nyuma yao akaweka kioo mbinuko, yaani kilichovimba kwa mbele. Ndani ya kioo hicho tunaiona migongo yao, na watu wengine wawili mlangoni, upande ambao picha isingeweza kutuonyesha kwa njia nyingine. Juu ya kioo aliandika kwamba alikuwepo hapo. Velázquez naye, mwaka 1656, aliwaweka Mfalme Philip IV na malkia wake kwenye kioo kidogo tu, ilhali chumba kizima kinawaelekea wao.

Ninayempenda zaidi ni Manet. Katika mchoro wake wa 1882 wa mhudumu wa baa huko Paris, mgongo wa mwanamke huyo kiooni umesogea mbali kulia, na kuna mwanamume anayezungumza naye ambaye mbele ya kaunta hatumwoni. Wengi walisema mchoraji alikosea. Baadaye mandhari hiyo ikapangwa upya mbele ya kamera, ikaonekana kwamba inawezekana, mradi mtazamaji asimame pembeni na si katikati kama tunavyodhani. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakibishana na kioo kumbe waliopotea mahali ni wao!

Majengo ya vioo yanahitaji heshima ileile. Mwaka 2013, ukuta uliojipinda kwa ndani wa jengo la 20 Fenchurch Street, London, ulikusanya miale ya jua hadi ikayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani. Umbo la kioo huamua mwanga unaelekea wapi, na msanifu anapaswa kulijua hilo mapema.

Sasa ile picha yako ya dirishani, iliyotoka na ukungu. Uliweka fokasi, yaani umbali ambao kamera huonyesha vitu kwa uwazi, kwenye kioo chenyewe, lakini taswira haikai juu ya kioo. Ukisimama mita 2 kutoka dirishani, na mti ulio nyuma yako uko mita 10 kutoka dirisha hilohilo, fokasi iwe mita 12. Kichujio cha polaraizi, kile kinachofungwa mbele ya lenzi, usikitumie siku hiyo, maana kazi yake ni kuufuta mng'ao unaoutafuta. Rudia kwa umbali huo, kisha unitumie hata zile usizozipenda. Hizo ndizo ninazotaka tuzijadili kwa kirefu.

Wako daima.