Mwanahawa, usitupe hata kipande cha karatasi

London, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila baridi ndiyo inanila mifupa. Najua umeninunia. Miezi saba bila hata ujumbe! Ningekuwa wewe ningeshafuta namba yangu. Nisamehe. Sikumtupa jongoo na mti wake. Masomo yalinizidi, na zamu za usiku, na mengine ambayo nitakusimulia tukikaa barazani kwenu.

Aliyenifanya nishike kalamu ni Bakari. Alinipigia juzi habari za harusi (nitafika huko), ulimi ukamteleza kwamba umeitwa na wakaguzi. Eti turubai, viti mia mbili, soda na maji ya ule ugeni wa mwezi wa nne ulivilipia kwa hela ya ofisi, nyingine ukatoa mfukoni mwako, na sasa mkubwa aliyekuagiza anasema hakumbuki. Hakumbuki! Usiku ule usingizi ulinipaa, na kilichonijia kichwani ni tembo.

Usicheke. Ngoja nikueleze.

Unajua huku nasoma utunzaji wa kumbukumbu. Muhula huu wametutwika nyaraka za wafalme wa Uingereza, za miaka ya 1200 huko, nami nikaangukiwa na amri walizokuwa wakiwapelekea masherifu. Sherifu, si sharifu. Usije ukamwambia Mwalimu Kombo kwamba nimekuja Ulaya kusoma habari za masharifu wa Lamu. Hawa walikuwa watu wa mfalme, kila mmoja na kaunti yake. Sherifu akusanye mapato, akamate wahalifu, asimamie baraza la kaunti, akarabati ngome, apokee kila balaa linaloshuka kutoka juu. Yaani ni wewe kabisa, ila mwenzio ana farasi.

Amri yenyewe ni kipande chembamba cha ngozi ya kondoo, mistari michache ya Kilatini, na nta yenye muhuri wa mfalme. Hakuna cha "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Mfalme anamsalimu sherifu, anamwamuru afanye moja, mbili, shahidi fulani, mahali fulani, tarehe, kwisha. Na zilivyokuwa nyingi! Mwanahistoria mmoja amezipima kwa nta. Mwishoni mwa miaka ya 1220 ofisi ya mfalme ilikuwa ikimaliza nta isiyofika ratili 4 kwa wiki. Miaka 40 baadaye ni karibu ratili 32. Nikakukumbuka na huo muhuri wako unaolala nao mkobani.

Haya, tembo. Mwaka 1255 Henry wa Tatu alipewa tembo na Louis wa Tisa, mfalme wa Ufaransa. Zawadi kapewa mfalme, kazi wakapewa masherifu. Wa Kent aliletewa kipande chake cha ngozi: nenda bandari ya Dover wewe mwenyewe, ukapange namna ya kumvusha tembo wetu, tafuta chombo, na waulize mabaharia kama anaweza kufikishwa London kwa maji. Wa London, ambao walikuwa wawili, wakaletewa chao: jengeni nyumba ya tembo pale Tower, ngome ya mfalme mjini London, urefu futi 40, upana futi 20, tena iwe imara kiasi kwamba siku ikihitajika ifae kwa shughuli nyingine. Hapo nilicheka peke yangu maktabani hadi nikatolewa macho. Aliyeandika alikwisha kuona kwamba mgeni yule hana siku nyingi! Na kweli, 1257 akafa. Mtawa mmoja wa St Albans, Matthew Paris, alimchora, na wengi wanaoutazama ule mchoro wanasema ni tembo wa Afrika, kwa yale masikio. Maskini mtu wa kwetu, amefia katika baridi hii hii ninayoilalamikia mimi.

Kabla yake alikuwapo dubu mweupe, katoka Norway, mwaka 1252. Masherifu wa London wakaambiwa wampe peni 4 kwa siku, yeye na mtunzaji wake, kisha wamtafutie mnyororo na kamba ya kumshikia akiwa anavua samaki mtoni Thames. Naapa sitii chumvi.

Sasa unadhani mfalme alituma hela ya hayo yote? Thubutu. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Hela ilikuwa tayari mikononi mwa sherifu, yale mapato ya eneo lake anayodaiwa na mfalme. Anachota humo, anajenga, analisha, halafu ikifika mwishoni mwa Septemba anakwenda hazina kutoa hesabu, kama mnavyorejesha masurufu. Anakalishwa mbele ya meza ya futi 10 kwa 5, imetandikwa kitambaa cha mirabaraba kama ubao wa drafti, na makarani wanasogeza kete: ulitakiwa kuleta kiasi hiki, umeleta hiki, tofauti iko wapi? Na hapo, shoga, mambo ya fulani aliniambia hayana kazi. Sherifu anatoa ile amri yenye muhuri. Akiwa nayo, matumizi yanapunguzwa kwenye deni lake. Akiwa hana, basi tembo alikula mfukoni mwa sherifu.

Tena hata akiwa nayo! Ikiwa amri haikutaja kiasi, tuseme ujenzi, walitakiwa watu waaminifu waape kwamba waliiona kazi na gharama yake. Na kwa hela aliyolipa hazina, risiti ilikuwa kijiti. Kinachanjwa: pauni 1,000 chale ya upana wa kiganja, 100 upana wa kidole gumba, 20 kidole cha mwisho, pauni moja kama punje ya shayiri. Kisha kinapasuliwa kwa urefu, nusu anaondoka nayo, nusu inabaki hazina, na siku ya ubishi vinakutanishwa. Mtu akiongeza chale upande wake, ataumbuka. Vijiti hivyo walivitumia karne na karne, mpaka mwaka 1834 wakaamua kuvichoma kwenye tanuri za Bunge, na Bunge lenyewe... basi, liliungua. Hiyo hadithi nyingine.

Sisemi masherifu walikuwa malaika. Mwaka 1170 Henry wa Pili alirudi kutoka Normandy, akaamuru wachunguzwe, na wengi wakapoteza kazi. Na ujanja wao mmoja utautambua mara moja: amri wasiyoitaka waliirudisha na jibu kwamba imewafikia imechelewa. Mpaka sheria ya 1285 ikaweka njia: unayehofia sherifu atakuruka, mkabidhi amri mbele ya watu kwenye baraza la kaunti, udai hati ya kupokelewa, na akikataa kuitoa, waliopo waweke mihuri yao kuwa mashahidi wako. Soma tena hapo, Mwanahawa. Miaka mia saba na zaidi iliyopita watu walikwisha kuchoshwa na huyo "sikumbuki" wako.

Basi ndiyo maana nakuuliza, na unijibu moja moja. Alikuagiza kwa simu tu, au kuna maandishi? Ujumbe wa WhatsApp bado unao, au ndiyo ile simu iliyotumbukia ndooni? Mwenye turubai alikupa risiti, au alikuandikia nyuma ya boksi la sigara kama kawaida yake? Siku anakuagiza, nani mwingine alikuwa ofisini? Mzee Shekue hakuwapo? Yule angeapa, na watu wangemwamini. Muhtasari wa kikao kilichopanga ule ugeni nani anao? Wakaguzi wamekupa muda gani? Na mumeo anajua, au umejikausha tena kama mwaka ule?

Piga picha kila karatasi uliyonayo, hata iliyochanika, hata yenye doa la chai, unitumie. Nitakupangia kwa tarehe na kuziwekea namba. Ndiyo kazi pekee niliyofundishwa huku, acha angalau ikufae wewe.

Mchango wa harusi ya Bakari nitatuma mwisho wa mwezi, mwambie asinipigie tena saa tisa usiku. Sare ni rangi gani? Asiseme zambarau.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Zaituni

N.B. Nimesahau mabata bukini. Mwaka 1417 Henry wa Tano aliwaamuru masherifu wakusanye manyoya 6 kutoka kwa kila bata bukini, ya kutengenezea mishale ya vita vya Ufaransa. Hebu mwulize Mama Chausiku, mtendaji akimjia na amri ya namna hiyo atatoka uani kwake na manyoya mangapi?