Kabla hujanunua tabo

Ipogolo, Iringa

Ndugu yangu Ayubu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima, ila baridi imeshaanza kung'ata. Ujumbe wako wa juzi umeninyima raha. Unasema gari halivuti kilima, moshi mweusi, taa ya injini inawaka, na fundi amekwambia tabo, ile pampu inayosukumia injini hewa, imekufa, utafute ya mtumba. Nakuomba sana, hizo hela zishike kwanza. Mimi mwaka jana nilipita njia hiyohiyo.

Unajua napandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Siku hiyo niko kwenye mlima wa Kitonga, mzigo wa kawaida, nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, pikapu inajikokota kwa gia ya kwanza na malori yananipigia honi. Nyuma moshi umetanda. Ajabu ni kwamba kwenye tambarare ilikuwa inakwenda, na ikisimama inanguruma vizuri kabisa. Fundi wa kwanza akasema nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Tukatoa zote 4, tukapima, mbili zikabadilishwa. Laki tisa ikaondoka. Nikarudi Kitonga, hali ileile.

Ndipo nikampata mzee mmoja hapa Ipogolo. Hakushika spana. Aliuliza tu: moshi unatoka ukiwa umesimama, au ukiwa na mzigo? Nikasema na mzigo tu. Akasema basi tuanze na hewa, dizeli tutaitazama baadaye.

Alinieleza hivi, na sijasahau. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Kwenye gari kama letu kuna sensa baada ya chujio la hewa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inatoa dizeli kwa hesabu hiyo. Tabo inaisukuma hewa kwa mipira ipite kwenye intakula, kile kipoza hewa, ipoe, iende kwenye injini. Mpira ukipasuka hapo katikati, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatokea nje. Dizeli imepikwa ya watu kumi, hewa imefika ya watu sita. Ikizidi, kompyuta yenyewe inakunyima nguvu ili kuilinda injini. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ilitoa namba ya hitilafu P0299, yaani msukumo wa tabo hautoshi. Soma vizuri hapo, Ayubu. Haisemi tabo ni mbovu. Inasema msukumo haufiki, na njia ya kuupoteza si moja.

Kumbe mpira wangu ulikuwa na ufa. Kwa nini fundi wa kwanza hakuuona? Kwa sababu injini ikiwa haina mzigo tabo haisukumi sana, na mpira uliochanika kwa chini unajifumba wenyewe. Unafumbuka kilimani tu. Mzee alichukua kipande cha bomba la plastiki, akaziba upande mmoja kwa kifuniko na kupachika vali ya tairi la bila tyubu. Akakichomeka kwenye mdomo wa kuingilia tabo, akakaza klampu. Ule mpira wa pumzi ya injini unaoingia palepale aliutoa na kuziba tundu lake, la sivyo upepo ungeingia kwenye oili. Kisha akapuliza kwa kompresa polepole, injini imezimwa, bila kuvuka baa 1. Mimi nikawa napaka maji ya sabuni. Chini ya mpira unaotoka kwenye intakula, mahali palipokuwa palowevu kwa oili siku zote nami nikidhani ni uchafu, povu likafumuka kama maziwa yanayochemka. Ufa wa urefu wa kidole. Mpira mpya, elfu sabini.

Haikuishia hapo. Pikapu ilipona nusu tu. Mzee akafungua sensa ya mgandamizo kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye injini, tundu lake limezibwa na masizi yenye oili, zito kama lami. Tukaisafisha kwa dawa yake, bila kuchokoa na waya. Hii unaweza kuipima mwenyewe kwa mashine ya kusomea: washa swichi bila kuwasha injini, sensa isome mgandamizo wa hewa ya hapo ulipo. Dar es Salaam ni kama kilopaskali 100, hapa kwetu 85 hivi, kwako Mbeya 83 hivi. Ikikusomea 60 au 110, usiendelee kuhangaika na tabo. Ila ikisoma sawa, bado ifungue uitazame, kwa sababu yangu ilikuwa inasoma sawa ikiwa imetulia na inachelewa tu hewa inapopanda.

Chujio pia litazame. Likizibwa na vumbi ni kama kumziba mtu pua, na wakilipuliza kwa kompresa kali karatasi inachanika, vumbi linakwenda kula mapanga ya tabo. Na ile mipira myembamba ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, kama tabo yako inaongozwa nayo, hukakamaa kwa joto na kupasuka kwenye viungo. Gari likiwa zito zaidi kwenye mwendo mdogo huku likitoa moshi, mwambie fundi afungue vali inayorudisha moshi kwenye injini. Ikikwama wazi, injini inavuta moshi wake yenyewe.

Jambo moja nakusihi: usiruhusu mtu anyunyize petroli wala dawa inayoshika moto kutafuta uvujaji wakati injini inawaka. Injini ya dizeli ikivuta mvuke huo inaweza kupanda mzunguko na isizimike hata ukitoa ufunguo.

Jumamosi napeleka mzigo Uyole. Nitakuja na kile kizibo, wewe andaa sabuni na mtu mwenye kompresa. Mpaka nifike, tabo isiguswe.

Nisalimie shemeji.

Ndugu yako,
Filemoni