Shukrani kwa mzee wa randa, Coco Beach

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikulipata, ila waliokuwepo Coco Beach Jumapili ile, kusi likivuma na maji yakijaa, watakukumbuka: msuli wa bluu, mfuko wa vifaa begani, na haraka ya kuwahi pantoni ya Kigamboni.

Ubao wangu wa mawimbi ulikuwa umegonga mwamba ukapasuka puani. Ni wa mbao za paleti, umbo nimeiga paipo ya Hawaii, ule mfupi ambao mtu anaulalia kifudifudi. Hukuuliza sana. Ulipitisha dole gumba kwenye ufa, ukausindilia pamba iliyolowa mafuta, ukigonga taratibu kama unakalafati mashua. Kisha ukatoa randa, ukainua pua kidogo isichimbe maji, ukifuata nyuzi za mti. Mafundi wa mjini (mnisamehe) wangeniambia ninunue mbao mpya.

Macho niliyobandika ubaoni, ya kandambili za kuokota ufukweni, yalikuchekesha. Ukasema hata majahazi yana macho. Nikakusimulia Flipflopi, jahazi la plastiki chakavu lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018, ubavu mzima kandambili. Hukuamini mpaka ulipoona picha kwenye simu.

Hela ulikataa katakata. Ulikubali muhogo wa kukaanga tu, pilipili nyingi.

Ahsante sana, mzee. Ufa haujavuja tena, na vijana wawili wanataka pua kama ile. Anayemfahamu amwambie tunamsubiri, mihogo juu yetu.