Barua kwa Mwanangu: Vumbi Katika Slaidi za Babu Yako

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi hapa hatujambo, na mamako anakusalimu sana. Kama nilivyokueleza kwa simu, wiki ijayo nakwenda Mombasa kutolewa mtoto wa jicho, na kazi ya kuskani slaidi za babu yako, zile picha za filamu zilizotiwa fremu moja moja, itakuwa mikononi mwako utakapokuja likizo. Masanduku mawili nimeyamaliza. Limebaki moja, nalo ndilo lenye vumbi jingi kuliko yote, kwa hiyo nimeona nikuandikie kwa urefu, maana makosa mengi ya kazi hii hufanyika kabla skana haijawashwa.

Picha iliyomo ndani ya fremu ya slaidi ina milimita 24 kwa 36 tu. Tunapoiskani kwa nukta 4000 kwa kila inchi, milimita moja hutoa nukta zaidi ya 150, kwa hiyo chembe yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo macho yangu haya hayaioni tena, hugeuka doa la nukta kama 15 katika uso wa mtu au katikati ya anga. Vumbi huzuia mwanga usipite, ndiyo maana doa lake katika slaidi hutoka jeusi. Ukiona alama nyeupe au ya rangi kali, mara nyingi huo ni mkwaruzo uliochubua rangi, na hata ukisafisha mchana kutwa hautatoka.

Nyumba yetu waijua. Kuta ni za matumbawe na chokaa, dari ni ya boriti, na feni ikizunguka, unga mweupe huteremka taratibu juu ya kila kitu. Ikifika kaskazi, hewa inapokuwa kavu, ndipo unga huo huzidi kung'ang'ania filamu. Nimejaribu saa zote za siku na sijaona iliyo bora kuliko baada ya sala ya alfajiri. Usiku, kabla hujalala, kunja mkeka uutoe nje, piga deki chumba cha ndani, funga madirisha na uzime feni, ili vumbi litulie mpaka asubuhi. Ukiamka usifagie, hata chumba kikionekana kichafu, kwa sababu ufagio huinua kile kilichotulia usiku kucha. Meza ifute kwa kitambaa chenye unyevu, uiache ikauke, usitandike kitambaa chochote juu yake.

Slaidi ishike kwa fremu yake ya karatasi ngumu na uisimamishe wima, ili kinachong'oka kianguke chini. Ipulizie kwa ile pampu ndogo ya mpira, upande mmoja kisha wa pili, halafu iinamishe chini ya taa ya mezani, mwanga uipige kwa mshazari. Hapo chembe zilizojificha zitajitokeza. Zilizobaki ziguse kwa brashi laini, polepole, ukianzia upande unaong'aa. Upande uliofifia, ambao ukiuangalia vizuri utaona picha imeinuka kidogo kama nakshi, ndio wenye rangi zenyewe, na huo uuonee huruma. Usipulize kwa mdomo hata mara moja, kwani mate yakikauka juu ya filamu huacha doa lililo gumu kutoa kuliko vumbi lenyewe.

Katika sanduku hilo utakutana na slaidi zenye nyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, iliyoletwa na unyevu wa bahari, nayo hula jelatini inayoshika rangi mpaka ikawa tayari kuyeyuka kwenye maji. Ukizifuta kwa kitambaa chenye maji, picha itatoka pamoja na kuvu. Ziweke peke yake katika kopo kavu, unisubiri.

Doa likijitokeza mahali pale pale katika picha tatu mfululizo, usiisumbue slaidi. Vumbi liko kwenye kioo cha skana.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma. Skana yetu ina uwezo wa kuondoa vumbi yenyewe kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho: miale hiyo hupita katika rangi za filamu nyingi, ikazuiwa na vumbi, na programu ikajua pa kuziba. Lakini slaidi nyingi za babu yako ni Kodachrome, filamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kuacha kutengenezwa mwaka 2009, na rangi zake huzuia sehemu ya miale hiyo, hasa penye kiza. Mimi niliiwasha kwa sanduku zima la kwanza bila kufikiri. Baadaye nilipochukua kioo cha kukuzia nikaitazama slaidi ya mashua iliyotia nanga mbele ya Shela, niliona kamba za mlingoti zimetimia zote, ilhali katika kompyuta zilikuwa zimekatika vipande vipande, mashine imezidhania kuwa ni uchafu. Babu yako alizijua kamba zile moja moja. Nilijuta sana.

Kwa hiyo, fremu iliyoandikwa Kodachrome, zima infraredi. Zilizoandikwa Ektachrome, ambayo ni filamu ya aina nyingine, unaweza kuiwasha. Doa litakalobaki baada ya kusafisha lizibe kwa mkono, nawe umekwisha kuitazama slaidi yenyewe kwa kioo, kwa maana kinukta cheusi juu ya mchanga huenda kikawa mtu anayetembea kwa mbali, na tukimfuta sisi hakuna mwingine atakayejua kuwa alikuwapo. Hifadhi kwanza picha ikiwa faili la TIFF, lile lisilopunguza ubora wake, bila kuligusa, uzibe katika nakala. Slaidi kumi kwa asubuhi zatosha.

Pampu na brashi zimo katika mfuko wa plastiki ndani ya kidaka cha juu, na ufunguo wa sanduku anao mamako. Ukipata nafasi, anza na ile ya mashua, uirudie.

Ni mimi babako akupendaye.