Asante dada sonara, wewe mwenyewe unajijua

Jamani naomba nimshukuru mtu hapa mbele za watu, jina kagoma nisimtaje basi namuita dada sonara tu. Mdogo wangu alikuwa anaolewa, akataka avae kidani cha marehemu mama, cha shanga na vipande vya silva, kukitoa kwenye boksi uzi umeshaoza, shanga zote chini, na kishikizo kimekatika. Mafundi wengine wakasema nunueni kipya tu.

Huyu dada alizimwaga shanga kwenye kitambaa akazipanga saizi kwa saizi huku anaangalia picha ya zamani ya mama, akatunga upya kwa uzi wa nailoni na kila baada ya shanga akapiga fundo, ili siku uzi ukikatika idondoke moja sio zote. Silva yenyewe ni 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni silva, ile yenye shaba kidogo ndani ndo maana inashika weusi haraka, akalehemu kishikizo akang'arisha, ila weusi wa kwenye nakshi akauacha makusudi, eti ukiutoa wote maua hayaonekani, na kweli! Hela akachukua ya uzi na lehemu basi.

Kama unamjua fundi wa hivi mpelekee kazi, na umlipe kwa wakati, maana tunawasumbua mno kwa bei.