Mheshimiwa Waziri, vifaa vyangu viko wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: VIFAA VYA INTANETI VILIVYOCHUKULIWA NG'ONG'ONA, NA LESENI ISIYOMJUA MTU MDOGO

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako, naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Barua zangu za kawaida nilizipeleka kwa mkono, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, nami nikarudi nyumbani na nakala. Kwa kuwa muhuri huo ndio jibu pekee nililowahi kulipata kuhusu jambo hili, nimeona safari hii niandike mahali ambapo muhuri hauhitajiki.

Wiki iliyopita, majira ya saa nne asubuhi, walifika nyumbani kwangu Ng'ong'ona, upande wa nyuma wa Chuo Kikuu cha Dodoma, maofisa watatu waliovaa vitambulisho shingoni vikiwa vimegeuzwa mgongo. Walipanda juu ya paa, wakafungua antena kwenye mlingoti, wakashuka na kuchukua ruta, swichi na betri mbili ninazozitegemea umeme unapokatika. Waya niliopitisha kwenye bomba la plastiki hadi hosteli ya jirani waliukata kwa koleo, ilhali una kichwa cha kubonyeza tu na mtoto wa darasa la tatu angeweza kuuchomoa. Kisha wakaniachia karatasi iliyoandikwa kwamba wamechukua "vitu mbalimbali vya kielektroniki". Hakuna idadi, hakuna aina, hakuna namba ya kifaa hata kimoja, na muhuri uliopo umefifia kiasi kwamba sithubutu kuitaja ofisi yao hapa nisije nikaisingizia ofisi nyingine. Kosa nililotajiwa kwa mdomo ni kutoa huduma ya intaneti bila leseni.

Suala la leseni nitalifikia. Kwanza naomba nikukumbushe tulikotoka, kwa sababu ukisoma masharti ya sasa unaweza kudhani kwamba intaneti ililetwa Dodoma na kampuni zenye magari yenye nembo.

Mwaka 2008 nilifungua intaneti kafe karibu na Barabara ya Tisa, nikiwa na kompyuta chache zilizokwisha kutumika Ulaya. Mawasiliano yalitoka angani kupitia dishi, ghali kama dawa, na mvua kubwa ikinyesha tulikaa tukitazamana. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa kimeanza mwaka mmoja kabla yake. Siku ya matokeo ya Kidato cha Nne foleni ilitoka nje ya mlango hadi barabarani, na tulichofanya ni kufungua ukurasa wa shule mara moja, kuuchapa, kisha kuwasomea wazazi majina kwa sauti ili watu wasilipie kusubiri. Wakaguzi waliokuja enzi hizo walikuwa bwana afya na mtu wa leseni ya biashara wa manispaa, nao wote wawili walilipwa kilichokuwa halali yao. Sikumbuki hata siku moja kuona gari lenye nembo ya mawasiliano likisimama pale.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti upitao chini ya bahari, uliwasili Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na Serikali nayo ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukafika bara. Tulifurahi sana, na tulikuwa na sababu. Bei ilishuka, kasi ikapanda, kisha simu za bei nafuu zikaja na mteja akawa na kafe yake mfukoni. Kafe yangu ilikufa kama zilivyokufa nyingine zote mtaani kwetu, na sikumwandikia waziri yeyote barua kwa ajili hiyo. Biashara changa ikikomaa hubadilika, na anayefuata nyuma ya mabadiliko huachwa. Hata kampuni za simu hazikusalimika: Sasatel ilizimika, Zain ikageuka Airtel, Zantel ikamezwa na Tigo, na Tigo yenyewe tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Hayo ni ya soko, na soko halina adabu kwa mtu yeyote.

Ninacholalamikia ni sura ya pili ya kukomaa huko, ile inayoandikwa na Serikali. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ilikuja mwaka 2010, ile ya Makosa ya Mtandao ikafuata mwaka 2015, kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sizipingi zote. Hii ya mwisho naiunga mkono kwa dhati, maana sisi wa kafe ndio tuliokuwa tukikuta barua pepe za watu zimeachwa wazi kwenye kompyuta, pamoja na picha zao na vyeti vyao, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. (Nadhani daftari langu la madeni, lenye majina ya wanafunzi na namba za vyumba vyao, nalo sasa ni mfumo wa taarifa binafsi. Nitalisajili nikielekezwa.) Lakini kila sheria inapokuja, aliyeiandika huwa na picha ya mtu fulani kichwani, na mtu huyo siku zote ana mwanasheria, mhasibu na ghorofa Dar es Salaam. Mwaka 2018 mwenye blogu alipotakiwa kulipa ada ambazo kwa mwaka wa kwanza zilifika takriban shilingi milioni 2.1, vijana waliokuwa wakiandika habari za vijiji vyao waliacha kuandika. Baadaye masharti yakalegezwa, na hilo tunalishukuru, ila walioacha hawakurudi. Vivyo hivyo tozo za miamala ya simu za Julai 2021: zilipunguzwa kwa asilimia 30 kufikia Septemba, lakini ndani ya miezi ile miwili wateja wangu walijifunza upya kutembea na noti, na wengine hawajarudi kulipa kwa simu hadi leo.

Sasa nije kwenye leseni.

Kafe ilipokufa niliona jambo ambalo kampuni kubwa hazikuliona, au ziliona hazina haja nalo. Faiba, yaani intaneti ya waya, ilielekea Mtumba kulikojengwa Mji wa Serikali, ikaingia maofisini na kwenye nyumba za wenye mishahara. Mwanafunzi aliyepanga chumba Ng'ong'ona kwa muhula mmoja hawezi kufunga mkataba wa faiba wa mwezi kwa mwezi, na bando la simu humwishia usiku wa manane kazi ya mhadhiri ikiwa nusu. Nikachukua faiba ya biashara kwa jina langu, kwa kampuni yenye leseni, ninayoilipa kila mwezi pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, nikasimamisha mlingoti, nikauza vocha za shilingi 500 kwa siku. Huo ndio uhalifu wenyewe. Nina namba ya mlipakodi, nina leseni ya biashara ya Jiji, na jina la biashara limesajiliwa BRELA, kwa msajili wa biashara wa Serikali.

Na leseni ya mawasiliano niliiomba, Mheshimiwa. Niliiomba kabla sijaambiwa na mtu yeyote. Mfumo wa utoaji leseni tulionao tangu mwaka 2005 unagawa soko katika ngazi ya kimataifa, ya taifa, ya mkoa na ya wilaya, yaani ngazi ya chini kabisa ni wilaya nzima, na mimi wateja wangu wote wanaishi katika hosteli ambazo nikisimama juu ya paa naziona zote. Nilitakiwa niwasilishe mpango wa biashara wa miaka ijayo, ramani ya mtandao, wasifu wa wataalamu na uthibitisho wa mtaji. Mtaalamu ni mimi na mtoto wa dada yangu. Nilichora ramani kwa mkono, nikaipiga picha, nikaipandisha. Tangu siku hiyo ombi langu limeandikwa "Linashughulikiwa". Sikukataliwa, maana ningekataliwa ningekata rufaa, na sikukubaliwa. Wanafunzi walioingia mwaka wa kwanza nikilisubiri jibu hilo wamekwisha kuvaa joho, na mmoja wao nasikia siku hizi anafanya kazi katika moja ya ofisi zilizo chini yako. Namtakia kila la heri na ninatumaini atalikuta faili langu.

Pale Kibaigwa mahindi hupimwa kwa magunia na kupakiwa kwenye malori, lakini mama anayeuza kwa kisado pembeni ya soko hajawahi kuambiwa alete lori kwanza ndipo aruhusiwe kuuza.

Nakumbuka pia, na nadhani wenzangu tuliokuwa pamoja wanakumbuka, afisa mmoja aliyetuita sisi wenye mitandao ya mitaani, akatupa chai na karatasi ya mahudhurio, akatuahidi kwamba daraja la leseni kwa watoa huduma wadogo linaandaliwa na kwamba tutapigiwa simu. Tuliandika namba zetu kwa herufi za kusomeka. Sijabadilisha laini tangu wakati huo, na kwa kuwa ilisajiliwa kwa alama za vidole kama ilivyoagizwa, Serikali inajua vizuri ni ya nani na inapatikana wapi. Wala hatuombi jambo ambalo halijawahi kufikirika mkoani humu. Wilayani Kondoa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wadau wao walianzisha mtandao wa jamii wakitumia masafa ya televisheni yasiyotumika, ili kufikisha intaneti kusikofika mtu mwingine. Kumbe mdogo anaweza kutambuliwa, ila sharti awe amekuja akiitwa mradi.

Nimejiuliza kwa nini mimi, na kwa nini sasa. Sina ushahidi, hivyo chukua haya kama mawazo ya mtu ambaye halali vizuri. Nahisi kampuni fulani imeanza kuvuta nguzo kuelekea kwetu na imekuta wateja tayari wana mtu. Au kuna jirani niliyemkatalia kumwekea antena kwa mkopo. Au pengine ni hesabu tu ya kiofisi, kwamba kuwasimamia wakubwa wachache ni kazi nyepesi kuliko kuwasimamia wadogo waliotapakaa kila mtaa, na njia rahisi ya kuwapunguza wadogo ni kuacha maombi yao yaendelee kushughulikiwa. Lolote kati ya hayo likiwa kweli, ningependa kuambiwa, hata kama halitanipendeza.

Kuna jambo moja linaloniuma kuliko mengine. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini kuelekea kusini, aliyegongewa mlango hakuwa mwenye mkongo wala mwenye faiba. Nilikuwa mimi. Mwisho wa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima na zikapita siku kadhaa, wenye vocha walikuja kudai fedha zao kwangu, nikawarudishia wengine na wengine nikawaongezea siku kutoka mfukoni mwangu, na hakuna aliyenirudishia mimi. Siku huduma inapokosekana, mimi ni mtoa huduma kamili mwenye wajibu wote. Siku ya kutoa leseni, sijulikani. Ningeomba Wizara ichague moja. Kama ni mtoa huduma, nipewe daraja linalonitosha na ada ninayoweza kuilipa, nikaguliwe, nifundishwe, nitozwe faini nikikosea. Kama si mtoa huduma, basi sijui nilikamatwa vifaa kwa kutoa kitu gani.

Mheshimiwa, sikutaka barua hii iwe ndefu. Nilitaka kuomba leseni ya ngazi ya mtaa au kata, kwa ajili yangu na kwa wenzangu wa Makulu, Nkuhungu na kwingineko ambao sasa wamezima mitambo yao kwa hofu na wanaiwasha usiku. Nilitaka pia kuomba maombi ya zamani yajibiwe, kwa ndiyo au kwa hapana, na maofisa wanaokuja kukamata mali ya mtu waandike kila kifaa na namba yake. Hayo yote bado nayaomba. Lakini kadiri ninavyoandika naona orodha ndefu ndiyo huzikwa haraka zaidi, na mkopo nilionunulia antena zile unaendelea kukatwa kila tarehe 5 bila kujali antena ziko wapi.

Kwa hiyo naomba moja. Vifaa vyangu viko wapi, na ni nani, kwa jina na cheo, mwenye mamlaka ya kuvitoa? Nionyeshwe chumba vilimo nivihesabu, hata kama siku hiyo sitaruhusiwa kuvibeba. Betri zile zikikaa muda mrefu bila kuchajiwa zinakufa, na hakuna aliyeniuliza jinsi ya kuzitunza. Wanafunzi wanarudi chuoni mwezi ujao na wameanza kunipigia simu kuuliza kama niko hewani. Nimewajibu kwamba nimekuandikia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtoa huduma ya intaneti wa mtaani,
Ng'ong'ona, Dodoma.

Nakala: Mbunge wetu, Ofisi ya Mtendaji wa Mtaa, maofisa watatu waliokuja, popote walipo.