Barua kwa mwanangu: betri usitie kwanza

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Wete, Pemba, sote wazima, ila mvua haikatiki, na karafuu zilizobaki tunaziingiza na kuzitoa pamoja na majamvi yake mara tatu kwa siku. Picha ya redio yako ya maonyesho ya skuli, ile isiyo na betri, imefika, na nimesoma kwamba unataka kuitia betri. Nimeikuza kwenye simu, nikaitazama, nikacheka peke yangu barazani hata bibi yako akaniuliza kulikoni. Sikukucheka wewe. Nimejiona mimi mwenyewe.

Waya umeuzungushia kopo la maziwa ya unga, siyo? La bati. Nami nilifanya vivyo hivyo nilipokuwa umri wako, nikishinda kwa mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza redio hapa mjini. Siku tatu nimetega sikio, hata mkwaruzo sikuusikia. Mjomba ananipita tu na kikombe chake cha kahawa. Siku ya nne akaufungua waya wote, akanipa bomba la karatasi gumu lililobaki kwenye jora la kitambaa. "Bati linakunywa," akasema, akarudi kwenye kazi zake. Nilikuja kuelewa baadaye sana: kopo la bati ndani ya koili, yaani huo waya uliozungushwa, ni sawa na pete iliyofunga. Mawimbi yanazusha umeme ndani ya bati lenyewe na nguvu yote inaishia humo.

Basi tafuta kipande cha bomba la plastiki, upana wake sentimita 7 hivi, ukizungushie waya mara 60, mizunguko ilale ubavu kwa ubavu bila kupandana. Waya ni ule wa shaba wa mafundi wanaosuka mota, unene wa nusu milimita. Unaonekana mtupu lakini umepakwa vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Kwangua ncha kwa msasa mpaka shaba ing'ae. Nakwambia hili kwa sababu kwenye picha naona umezifunga ncha hivyo hivyo na rangi yake.

La pili ni dayodi. Hiyo nyeusi yenye mstari mweupe umeing'oa kwenye chaja, nami naijua: ni ya silikoni. Kazi ya dayodi ni kama vali ya mpira wa baiskeli, upepo unaingia, hautoki. Mawimbi yanakwenda mbele na kurudi nyuma mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, sikio haliwezi kuyafuata. Dayodi inayapitisha upande mmoja tu, na hapo ndipo sauti iliyobebwa inapojitokeza. Lakini vali ya silikoni ni ngumu. Inataka kama volti 0.6 ndipo ifunguke, na kinacholetwa na antena yako ni kidogo sana kuliko hapo. Ya gerimaniamu hufunguka kwa 0.2 au 0.3. Ni kile kidude cha kioo, ndani unaona kijiwaya chembamba, ubavuni kimeandikwa OA91 au 1N34A.

Wa zamani hata hicho hawakuwa nacho. Walitumia jiwe la madini ya risasi wakiligusagusa kwa ncha ya waya mwembamba mpaka wapate mahali panapoitika. Wanajeshi wa Marekani waliokwama Anzio, Italia, mwaka 1944, walitumia wembe na ncha ya penseli, wakasikiliza muziki ndani ya mahandaki. Ukitaka kujaribu wembe, jaribu, lakini baada ya kuisikia ya kwanza.

Spika za sikioni za simu ziweke kando. Zile zinataka umeme mwingi kuliko redio hii inavyoweza kutoa. Tafuta kile kisahani chembamba cha rangi ya shaba kilichomo kwenye midoli inayolia, ukiunge ubavuni na rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, ya kiloomu 47, ukibane sikioni. Kitanong'ona tu, na kunong'ona ndiko tunakotaka.

Kuunga ni rahisi. Antena kwenye ncha ya juu ya koili, waya wa ardhini kwenye ncha ya chini, kapasita ya kuzungusha (kile kidude cha kutafutia stesheni) kutoka redio mbovu ishike ncha zote mbili. Dayodi itoke juu iende kwenye kisahani, kisahani kirudi chini. Koili na kapasita ndivyo vinavyochagua stesheni. Unazikumbuka bembea za sikukuu? Ukiisukuma kwa mwendo wake inapaa, ukiisukuma ovyo inagoma. Ukizungusha kapasita unabadilisha mwendo wa bembea.

Antena usiwe bahili. Mita 20 za waya, kutoka dirishani mpaka mnazini, mbali kabisa na nyaya za umeme. Waya wa ardhini ufunge kwenye nondo iliyopigwa kwenye udongo wenye maji, wala usithubutu kuuchomeka kwenye tundu lolote la ukutani. Wingu likitanda, chomoa antena uitupe nje, usingoje radi ya kwanza.

Kabla hujakilaumu chombo chako, chukua redio ya shangazi yako, iweke AM, usikilize usiku kuna nini. Redio hii haishiki FM, na siku hizi karibu kila kitu kimehamia huko. Mawimbi ya kati, yaani hayo ya AM, usiku husafiri mbali, kwa hiyo anza baada ya isha.

Umeniandikia kwamba unataka kutia betri na kikuza sauti ili maonyesho ya skuli yasikuaibishe. Mwanangu, ngoja. Redio hii haina betri kwa sababu umeme wake wote unatoka kwenye mtambo wa stesheni, unafika kwako hewani, unatikisa kisahani. Ukitia kikuza sauti sasa utapata mlio, na hutajua tena kama koili yako ni nzima au bado inakunywa. Isikie kwanza tupu. Baadaye tia betri hata kumi.

Dayodi nimezipata mbili kwenye kasha la marehemu mjomba. Zimo ndani ya kibiriti, kibiriti kimo kwenye mfuko wa halua, mfuko anao jirani yetu anayepanda boti kesho. Kampokee bandarini Malindi, hapo Unguja. Ukizitia lehemu zishike mguu kwa koleo ili moto usipande, maana kioo kile hupasuka. Halua mpe shangazi yako, na umwombe radhi kwa kamba yake ya nguo, maana hiyo antena kwenye picha nimeitambua.

Mama yako,
Wete